Injini Imeshushwa kwa Mwito wa Kiwanda: Uifumue Yote au Uiache?

Injini ikishatolewa garini na kulazwa juu ya matairi mawili chakavu, humkosi fundi wa kuuliza: "Kwa kuwa tumeshaishusha, si tuifumue yote tuweke ringi na beringi mpya?" Swali hilo huulizwa kwa nia njema, na mwenye gari la mashindano huwa ameshakubali moyoni kabla halijaisha. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, awe Kitswamba, Kasese mjini au Bwera, magharibi mwa Uganda, ambaye gari lake limeitwa na kiwanda lirudi kutengenezwa kwa kasoro iliyo ndani ya injini. Ninalotaka kumwambia ni kwamba injini kuwa chini si sababu ya kuifumua. Sababu ni vipimo, na vipimo vyenyewe huchukuliwa injini ingali garini, inawaka na imepata moto. Ikishakuwa sakafuni umechelewa kuiuliza afya yake.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Subaru. Mwishoni mwa 2018 kampuni hiyo ilitangaza kwamba springi za vali katika magari zaidi ya 400,000 duniani, mengi yakiwa ya miaka ya 2012 na 2013, zingeweza kukatika kutokana na uchafu uliokuwa ndani ya chuma chake. Walioguswa ni wenye Impreza, Forester, BRZ na Toyota 86, ambayo injini yake ni ya Subaru. Uganda haikuwa mbali na habari hizo. Sheria iliyorekebishwa mwaka huohuo wa 2018 ilikataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15, na magari ya 2012 na 2013 yalipita hapo bila tatizo. Tatizo ni kwamba barua ya mwito humfuata mwenye gari aliyeandikishwa Japani. Gari likishapandishwa meli ya Mombasa, barua haina tena anwani. Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kusafirishwa huangalia breki, taa, bodi na mambo ya aina hiyo. Hakuna anayefungua injini kutazama springi.

Kwa hiyo kabla hujagusa spana, soma namba ya chesisi. Toyota 86 huanza na ZN6, BRZ na ZC6, Forester ya lita mbili ya umbo la wakati huo na SJ5, Impreza ya lita mbili na GP7 au GJ7. Kiwanda kina ukurasa wa Kijapani ambapo unaandika namba hiyo nzima na kuambiwa kama gari liliitwa na kama lilishatengenezwa. Programu ya kutafsiri ya kwenye simu inatosha kukuelewesha jibu. Ni kazi ya dakika chache. Nashangaa wanavyokuwa wengi wanaonunua gari, wakalivua viti ili kulipunguza uzito, wakalifunga nondo za usalama, bila kuwahi kuuliza swali hilo moja.

Ikiwa gari limo katika mwito na halijatengenezwa, springi zibadilishwe. Hapo sina mjadala na mtu. Injini ya 86 ina silinda nne, vali 16 na springi 16, na mwisho wa mizunguko yake ni 7,400 kwa dakika. Kwa mwendo huo kila vali hufunguka mara 3,700 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 60 kwa sekunde, na kila mara springi ndiyo inayoirudisha. Anayekwenda nalo sokoni Kasese hafiki huko ila kwa bahati mbaya, lakini anayeshindana hufika huko katika kila gia. Na kwa kuwa pistoni za injini hii zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, hedi zake zimebanwa na kuta za chesisi pande zote mbili. Mkono hauingii. Ndiyo maana kubadili springi ambazo zote kwa pamoja zinajaa kofia kunadai injini nzima ishuke, na ndipo lile swali la fundi linapozaliwa.

Hoja ya "kwa kuwa imeshashuka" ilianzia nchi ambazo saa moja ya fundi ni ghali kuliko beringi anayoifunga. Huko, kiwanda kikikulipia kushusha na kupandisha, kimekuondolea sehemu kubwa ya gharama ya kufumua, na mwenye akili anaitumia nafasi hiyo. Kwetu mizani imegeuka. Kushusha injini ya Subaru ni kazi ya mafundi wawili wenye winchi, na ujira wao ndio mstari mdogo kuliko yote kwenye bili. Kinachokausha mfuko ni ringi, beringi, pistoni, seti ya gasketi na boliti mpya za hedi, vyote vikinunuliwa kwa bei inayofuata dola au yeni. Ukivimaliza hivyo, bado kuna mashine ya kunyoosha hedi na kusaga krankshafti, na mtu anayejua kupima sehemu za mia za milimita. Katika hivyo hakuna hata kimoja kinachopungua bei kwa kuwa injini iko chini. Fundi akikuambia utaokoa pesa, mwombe akuandikie bili mbili, ya kufumua leo na ya kufumua mwakani, kisha uziweke sambamba. Tofauti utakayoiona ni ya winchi.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bili. Mwili wa injini hii ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja, krankshafti ikiwa katikati juu ya beringi kuu tano, na nafasi ya mafuta kati ya chuma na chuma ni sehemu za mia za milimita. Punje ya mchanga wa barabara ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Sasa fikiria gereji iliyo wazi pande tatu kando ya barabara ya Kasese–Fort Portal, malori ya saruji ya Hima yakipita na vumbi la maramu likifuata nyuma yake. Fundi anaweza kuwa hodari kuliko wenzake wote wilayani, lakini upepo haujui hodari wala mwanafunzi. Injini iliyotoka kiwandani ina sifa moja ambayo hata soko la vipuri la Kisekka, Kampala, haliuzi: haijawahi kufunguliwa. Ukiamua kuipoteza sifa hiyo, uwe na sababu inayosomeka kwenye geji.

Tuje basi kwenye geji. Kipimo cha kwanza ambacho kila gereji inacho ni cha kompresheni, nacho ndicho kinachowafanya watu wafumue injini nzima bure. Sababu ni mwinuko. Nambari za kitabu huhesabiwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Kasese na Kitswamba ziko karibu mita 1,000 juu ya bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi; Fort Portal, kwenye mita 1,500 hivi, hupungukiwa karibu na sehemu moja ya sita. Kitabu kikisema bari 13, injini yenye afya kamili itaonyesha kama 11.5 ukiipimia Kitswamba. Fundi asiyelijua hilo atakutazama kwa huruma na kukuambia ringi zimekwisha, kumbe ameipima milima ya Rwenzori, hajapima injini. Usilinganishe nambari na kitabu. Linganisha silinda na silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, fyuzi ya pampu ya petroli iondolewe, betri iwe imejaa, pedali ikanyagwe mpaka chini. Nne zikikaribiana, iache ilivyo. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, hapo kuna jambo la kufuatilia.

Namna ya kulifuatilia si ile ya kumwaga kijiko cha oili ndani ya silinda na kupima tena, ingawa karibu kila mtu ataipendekeza. Njia hiyo inafaa kwa injini iliyosimama, ambapo oili hutandaa juu ya pistoni na kuziba ringi pande zote. Kwenye Subaru silinda imelala, oili inakwenda kukaa upande wa chini kama maji kwenye chupa iliyoanguka, na nusu ya juu ya ringi inabaki kavu. Jibu utakalopata halina maana. Tumia upepo badala yake. Leta pistoni juu kabisa vali zikiwa zimefungwa, ingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi kwa kifaa chenye geji mbili, uone asilimia ngapi inavuja. Chini ya 10 ni injini ya kujivunia; ikipita 20 kuna mgonjwa. Kisha tega sikio. Upepo ukisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Ukisikika kwenye ekzosi, ni vali ya kutolea moshi. Kwenye njia ya hewa, ni vali ya kuingizia. Mapovu yakitokea kwenye rejeta, gasketi ya hedi imeachia. Kumbuka kwamba kazi ya springi itafika kwenye vali hata hivyo. Ikiwa uvujaji ni wa vali, unaweza kuutibu bila kugusa pistoni wala krankshafti, na wengi hufumua chini wakati ugonjwa uko juu.

Afya ya beringi haionekani kwa upepo. Inaonekana kwa presha ya oili na kwa chujio. Kwa presha, mpando wa kutoka Kasese kupitia Hima na Rwimi mpaka Fort Portal ni maabara ya bure: funga geji halisi, si ile taa nyekundu ya dashibodi inayowaka mambo yakiwa yameshaharibika, panda ukiwa umebeba mzigo, kisha usimame na kusoma presha injini ikinguruma polepole, oili ikiwa na moto. Iandike. Rudia baada ya wiki. Ikiwa inashuka kila mara, beringi zinachakaa. Kwa chujio, usilikate kwa msumeno wa chuma, maana utakuwa umejitengenezea mwenyewe vipande unavyovitafuta. Lifungue kama kopo, kata karatasi yake, ikunjue kama akodioni juu ya karatasi nyeupe na uiache ichuruzike mpaka kesho yake. Itazame juani. Unga mweusi ni masizi na hauna neno. Kinachong'aa kipitishie sumaku: kikishika ni chuma, yaweza kuwa cha mnyororo au cha kemshafti, kisiposhika na kikimeta rangi ya fedha au ya shaba, hiyo ni beringi, na mjadala wa kufumua umekwisha.

Mpinzani wa hoja hii ana mambo ya kusema, na baadhi ni mazito. La kwanza ni kwamba gari la mashindano si gari la kanisani. Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns mwaka 2000, timu yao haikungoja injini ilalamike. Timu za kiwanda hufumua kwa ratiba. Ni kweli. Lakini timu hizo zilikuwa na injini ya akiba iliyoshapimwa, chumba kisicho na vumbi, na daftari la kila saa injini ilivyofanya kazi. Ratiba bila daftari ni kubahatisha. Anayeshiriki mbio za Mbarara au Pearl of Africa kwa mfuko wake mwenyewe, mashindano machache kwa mwaka, ni afadhali aige daftari kabla ya kuiga kufumua. La pili ni kilomita: gari lina 120,000, eti umri wa kufunguliwa umefika. Kilomita ni habari ya matairi. Injini ya 120,000 iliyobadilishiwa oili kwa wakati yaweza kuwa na ringi nzuri kuliko ya 60,000 iliyovuta vumbi kupitia chujio la hewa lililochanika, na chujio la hewa katika nchi ya maramu ndilo linaloamua umri wa ringi. La tatu ndilo linalonipa kazi: je, nikiiacha halafu ife katikati ya mashindano? Inawezekana. Lakini mtu akiuliza hivyo, na swali la pili aliulize pia: je, nikiifumua halafu ife kwa sababu ilifumuliwa?

Maana hilo la pili lina ushahidi, tena kutoka katika mwito huohuo. Baada ya springi kubadilishwa, wamiliki kadhaa wa 86 na BRZ huko Marekani walilalamika kwamba injini zilizoingia gereji zikiwa nzima zilinoki muda mfupi baada ya kutoka. Maelezo yaliyotajwa sana ni silikoni. Kifuniko cha mbele cha mnyororo hakina gasketi ya karatasi. Hufungwa kwa silikoni inayopakwa kama uzi. Ukipaka nyingi, nusu yake hubanwa nje ambako unaiona na kuifuta, na nusu nyingine hubanwa ndani ambako huioni. Vikikauka, vijiuzi hivyo hukatika, hushuka kwenye sampu na kufyonzwa mpaka kwenye wavu wa mdomo wa pampu ya oili. Wavu ukiziba, oili hupungua, na beringi ya kwanza kukosa oili ndiyo inayoanza kugonga. Hiyo ilitokea kwa mafundi wa wakala rasmi, wenye kitabu cha kiwanda mezani, wakifungua sehemu ya juu tu. Anayekuambia kwamba kufungua zaidi ni salama zaidi ameusoma ushahidi huo kichwa chini miguu juu.

Wengine watakushauri uachane na yote hayo ukanunue injini ya Japani pale Kisekka, uifunge, mambo yaishe. Ushauri huo una mantiki kwa gari lililonoki. Kwa gari lililoitwa na kiwanda unaweza kuwa kichekesho, kwa kuwa injini hiyo ya mtumba imetoka kwenye gari la umri uleule, pengine la mwezi uleule, na ndani yake zimelala springi zilezile. Kiwanda huita magari kwa namba ya chesisi. Injini iliyokwishatengwa na chesisi yake haina namna rahisi ya kukuambia kama ilitengenezwa. Ukiinunua, hesabu tangu mwanzo bei ya kuifungua.

Je, basi injini ikiwa chini usifanye chochote? La. Kuna vitu ambavyo kikwazo chake ni kufikiwa, si bei, na hivyo ndivyo hasa vya kushughulikia. Plagi za Subaru zimefichwa mahali pabaya, leo ziko usoni. Klachi na beringi yake ya kusukumia ziko wazi, na gari la mashindano hula klachi. Sili ya nyuma ya krankshafti itazame, na ikiwa kavu iache, maana sili mpya iliyofungwa upande huvuja kuliko ya zamani iliyokaa vizuri. Raba za kushikilia injini, mipira ya maji, thamostati: badili. Kisha fungua sampu ndogo ya chini, ambayo hutoka kwa boliti chache, na usafishe wavu wa oili kwa mikono yako au mbele ya macho yako. Ukiwa na pesa iliyobaki, kipoza-oili kitaifaa injini hii kuliko pistoni mpya, kwani bonde la Kikorongo lina joto hata kabla hujawasha. Na usiinyime petroli ya okteni ya juu: mgandamizo wa ile ya 86 ni 12.5 kwa 1, na petroli hafifu huanza kulipuka kabla ya wakati wake, jambo linalovunja pistoni mpya sawasawa na za zamani.

Ziko hali ambazo jibu ni kufumua, na usilikimbie: chujio limeng'aa bila sumaku kushika, ringi zinavujisha zaidi ya asilimia 20, presha ya moto inashuka kila wiki, au injini inakula zaidi ya lita moja ya oili kila kilomita 1,000. Hali nyingine ni ya mtu anayepanga kufunga taabo na kutaka pistoni za kufuliwa. Hata hapo, usichanganye kazi mbili mikononi mwa wawili. Kama mwito unatekelezwa bure kwa wakala Kampala, acha amalize kazi yake, afunge, awashe na kukukabidhi gari linalokwenda pamoja na karatasi yake. Uliendeshe hizo kilomita 370 za kurudi nyumbani kupitia Fort Portal. Baada ya hapo ndipo ufumue kwa fundi wako uliyemchagua, aliyekuonyesha maikromita yake na chumba atakachofanyia kazi. Ukimwomba wakala akuachie injini nusu ili fundi wako amalizie, siku itakaponoki kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole, na wewe utakuwa katikati na bili.

Ikiwa umeiacha bila kuifumua, oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 500, hata ikiwa bado na rangi ya asali. Fungua chujio kwa namna iliyoelezwa hapo juu, na safari hii tafuta kitu laini: vijiuzi vya rangi ya kijivu au nyeusi vinavyonyumbulika kati ya vidole kama chingamu. Ukikuta hata kimoja, usiwashe tena injini mpaka sampu ishuke na wavu uonekane.